Mpeni ng'ombe mmoja

Maneno haya niliyasema Arumeru, mbele ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, wakufunzi wa mifugo na wanafunzi waliokuwa wakisubiri kupangiwa mashamba ya mafunzo kwa vitendo. Nimeyaandika upya kwa kupunguza salamu na kuongeza jambo moja ambalo siku ile lilinitoka akilini.

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wakufunzi, wafugaji wenzangu, nanyi wanangu mnaojiandaa kwenda fildi,

Nimeombwa nizungumze kama mfugaji mwenyeji, yaani mtu ambaye kila mwaka hupokea mwanafunzi mmoja au wawili, huwapa mahali pa kulala, huwapa kazi, na mwisho hutia saini kwamba wamejifunza. Shamba langu si kubwa. Nina ng'ombe wanne wanaokamuliwa, mitamba miwili, yaani majike machanga ambao hawajazaa, na ndama, wote wakifugwa bandani katikati ya migomba na kahawa, kama ilivyo kwa wengi wetu tunaoishi kwenye miteremko ya Mlima Meru. Malisho tunayakata na kuyabeba, na samadi inarudi migombani. Sikuja hapa kueleza mafanikio ya shamba hilo. Nitaanza na kosa langu.

Mwanafunzi wa kwanza kuletwa kwangu alikaa wiki nane. Kwa wiki zote hizo alizoa samadi, akakata majani ya mabingobingo na kuyabeba, na nilipokuwa na safari alibaki kulinda nyumba. Alikuwa kijana mpole asiyelalamika, nami nikauchukulia upole wake kuwa ni dalili kwamba mambo yanakwenda vizuri. Siku ya mwisho aliniletea daftari lake la kumbukumbu nilitie saini. Niliandika kwamba amefanya kazi kwa bidii, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwamba amejifunza ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, jambo ambalo halikuwa kweli hata kidogo, kwa kuwa aliondoka bila kuwahi kukamua. Nilikuwa nimeogopa kwamba mikono migeni ingenipunguzia maziwa. Mimi nilipata kibarua wa bure, chuo kikapata fomu iliyojazwa. Yeye alipata nini, mpaka leo sijawa na ujasiri wa kumuuliza.

Tangu hapo nilibadili utaratibu, na ombi langu la leo linatokana na badiliko hilo. Mwanafunzi akifika shambani, apewe ng'ombe mmoja. Simaanishi awe mali yake, bali awe yeye ndiye anayemlisha, anayemkamua, anayempima joto na kuandika kila kitu kinachomhusu, tangu siku anapofika hadi siku anapoondoka. Kazi nyingine za shamba atazifanya pamoja nasi, maana samadi haijizoi yenyewe, lakini awe na mnyama mmoja ambaye akiulizwa habari zake hana mtu wa kumsingizia.

Darasani mwanafunzi hufundishwa ng'ombe wa wastani: joto la mwili ni nyuzi 38 na kitu, mzunguko wa uzazi ni siku 21, mimba ni miezi tisa na siku chache. Hayo yote ni sahihi na lazima yajulikane, lakini ng'ombe huyo wa wastani sijamkuta katika banda lolote nililowahi kuingia. Nimemkuta yule anayempiga teke kila anayemkaribia kwa upande wa kushoto. Nimemkuta na yule ambaye akianza kuugua hulegeza masikio tangu asubuhi, kabla hata kipimajoto hakijaonyesha lolote. Anayepita mbele ya ng'ombe kumi, kila mmoja dakika tano, huona ng'ombe kumi wazima. Aliyekaa na mmoja ndiye atakayegundua kwamba leo ameacha robo ya majani yake horini, na atajiuliza kwa nini.

Nichukue mfano wa joto, si lile la kipimajoto bali kile kipindi ambacho ng'ombe jike yuko tayari kupandwa, kwa sababu hapo ndipo sisi wafugaji wadogo tunapopoteza fedha nyingi bila kujua. Ng'ombe asiye na mimba hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na ule muda wenyewe wa kusimama na kukubali kupandwa ni wa saa chache tu, aghalabu haufiki saa 18, na mara nyingi huangukia usiku au alfajiri. Kanuni tuliyofundishwa ni kwamba anayeonekana asubuhi ahimilishwe, yaani awekewe mbegu za dume bila kupandwa, jioni, na anayeonekana jioni ahimilishwe kesho yake asubuhi. Ni kanuni rahisi, ila inamtaka mtu awepo wa kuona. Hapa tulipo hatuko mbali na Usa River, kilipo Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji. Mbegu za madume bora zipo, zimehifadhiwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mhimilishaji ana pikipiki na simu. Na bado wapo ng'ombe miongoni mwetu wanaokaa mwaka na nusu, hata zaidi, kati ya ndama mmoja na mwingine. Wahenga walisema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Kuhusu hilo dume sina la kusema, lakini kuhusu kutozaa nina shaka kwamba mara nyingi alikuwa kwenye joto saa kumi usiku na mwenyewe yuko usingizini.

Kwa sababu hiyo sikubali tena mwanafunzi anayepanga chumba mjini, akafika shambani saa tatu asubuhi na kuondoka saa tisa alasiri. Huyo anakuta ng'ombe ameshakamuliwa, na anaondoka kabla hajakamuliwa tena. Alale shambani, na saa zake za kazi ziwe zile za ng'ombe, hata kama maana yake ni kwamba mchana atapumzika wakati wenzake walio ofisini wanafanya kazi.

Na hapa wakufunzi mtaniwia radhi nikiingia kwenye kalenda yenu. Wiki nane ni siku 56. Katika siku hizo ng'ombe asiye na mimba, ikiwa mzunguko wake ni wa kawaida, atakuja kwenye joto angalau mara mbili. Mwanafunzi anaweza kupitwa na joto la kwanza, akajifunza kutokana na kupitwa huko, akamwita mhimilishaji kwa joto la pili. Na ikiwa lile la kwanza liliangukia katika wiki mbili za mwanzo, bado atakuwa shambani siku ya 21 baada ya kuhimilisha, aone kwa macho yake kama ng'ombe amerudi au ametulia. Ukimleta kwa wiki nne, huenda joto ataliona mara moja tu, na siku hiyo huenda alikuwa ameenda kanisani. Najua kwamba muda wa mafunzo hupangwa kwa kuangalia mitihani, mabweni na bajeti. Ninachoomba ni kwamba unapopunguzwa, mpunguzaji ajue ni kitu gani hasa anakikata.

Sasa niwasimulie habari ya ng'ombe wangu mwekundu, kwa kuwa yeye ndiye aliyenishawishi kuliko semina zote. Ng'ombe huyo kwa miaka mitatu nilimhesabu kuwa ni wa lita 11 kwa siku, na nilikwishaamua moyoni kwamba uwezo wake umeishia hapo, huku nikimlaumu dume aliyemzaa. Mwaka mmoja nilimkabidhi kwa binti wa stashahada, mwaka wa pili. Hakuwa msichana wa maneno mengi, ila alikuja na rula. Alilichora daftari lake safu kwa safu: maziwa ya asubuhi, maziwa ya jioni, majani, pumba na mashudu (makapi ya mbegu za mafuta), maji kwa idadi ya ndoo, hali ya kinyesi, joto la mwili, na safu ya mwisho aliyoiita mengineyo. Wiki ya nne, tumemaliza kula chakula cha usiku, akaniuliza kwa adabu nyingi, "Mama, samahani, Jumatano na Jumamosi huwa kuna nini hapa?"

Nikamjibu kwamba ni siku za soko la Tengeru, nani asiyejua. Akanifungulia daftari. Kila Jumatano jioni na kila Jumamosi jioni maziwa yalikuwa yamepungua kwa lita moja na nusu hivi, na safu ya maji ilikuwa na pengo siku zilezile. Kijana wangu wa kazi alikuwa akipeleka ndizi sokoni, na zile ndoo za saa sita mchana zikawa zinamsubiri yeye arudi. Maziwa, zaidi ya sehemu nane katika kumi ni maji, na ng'ombe anayekamuliwa huhitaji kati ya lita 60 na 100 za maji kwa siku, kutegemea ukubwa wake, hali ya hewa na maziwa anayotoa. Hayo nilikuwa nayajua. Ningeulizwa katika mtihani ningepata alama zote. Ila sikuwahi kuyaona bandani kwangu, kwa sababu siku za soko na mimi huwa sokoni.

Tulinunua pipa la plastiki, tukalikata, tukalifunga ukutani likawa hori la maji linalojazwa usiku. Kabla binti huyo hajaondoka, siku za soko zilikuwa hazijulikani tena katika daftari lake. Pigeni hesabu wenyewe: lita tatu kila wiki ni zaidi ya lita 150 kwa mwaka, kwa ng'ombe mmoja, bila kuongeza hata kilo moja ya mashudu. Na wale wengine watatu walikuwa wakinyweshwa kwa ndoo zilezile.

Naomba wakufunzi mtazame kilichomwezesha kuona. Mimi nilikuwa na uzoefu kuliko yeye, na kijana wangu wa kazi alikuwa na mikono myepesi ya kukamua kuliko sisi sote. Yeye alikuwa na ng'ombe mmoja, na aliandika kila siku bila kuruka, ikiwamo siku ambazo hapakuwa na jambo la kuandika. Nimepitia madaftari mengi ya kumbukumbu ambayo kila ukurasa unasema "leo nimeshiriki shughuli za kukamua na kulisha", na ukibadilisha tarehe za kurasa hizo hakuna atakayegundua. Fomu zenu zingeweza kumsaidia mwanafunzi kwa kuuliza vitu vyenye kipimo: lita ngapi, ndoo ngapi, nyuzi ngapi, alionekana kwenye joto saa ngapi, nani aliitwa na alifika saa ngapi.

Wafugaji wenzangu, sitaki mdhani kwamba kumkabidhi mwanafunzi mnyama ni jambo lisilo na hasara. Wiki ya kwanza mikono yake itauma, atavuta chuchu badala ya kuibana, na atachukua dakika 20 kwa ng'ombe ambaye wewe unamaliza kwa saba, wakati ng'ombe mwenyewe baada ya kuoshwa kiwele hushusha maziwa kwa dakika chache tu kisha huyazuia. Maziwa yatapungua kidogo. Dawa yake ni kukaa pembeni na kumalizia mwenyewe ile wiki ya kwanza, basi. Hasara niliyoipata mimi ilikuwa ya namna nyingine, na haikutokana na mikono ya mwanafunzi. Ng'ombe mmoja alipatwa na ugonjwa wa kiwele, akawekewa dawa ya kuua bakteria kupitia kwenye chuchu, na afisa mifugo akasisitiza kwamba maziwa yake yasiuzwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo zipite. Nilimwambia kijana wa kazi. Mwanafunzi alikuwa amekwenda kwao mwisho wa juma. Aliporudi Jumapili jioni alikamua kama kawaida na kumimina kwenye keni pamoja na ya wengine. Niligundua keni ikiwa tayari mlangoni. Laktometa ya kituo cha kukusanyia maziwa isingeona kitu, kwa kuwa hupima kama yametiwa maji. Kipimo cha spiriti nacho hutafuta maziwa yanayoanza kuchacha. Yangepita, na yangekwenda kunywewa na watoto wa watu. Tuliyamwaga yote, ya ng'ombe wanne.

Mwanafunzi, kijana wa watu, alilia. Nilimwambia asilie, kwa kuwa aliyepaswa kuandika ni mimi. Tangu siku hiyo ng'ombe yeyote aliye kwenye dawa kwangu hufungwa kitambaa chekundu mguu wa nyuma, pale ambapo macho ya mkamuaji lazima yafike, na jina lake huandikwa kwa chaki mlangoni pa banda. Huo ni utaratibu ambao shamba langu lilikuwa likiuhitaji siku zote, na kama si mwanafunzi huyo nisingeuanzisha.

Sasa lile jambo lililonitoka siku ya hotuba, nalo ni afya ya wanafunzi wenyewe. Ugonjwa wa kutupa mimba unaosababishwa na bakteria wa brusela humwingia binadamu kupitia maziwa yasiyochemshwa na kupitia majimaji ya uzazi, na kwa mtu huleta homa ya kupanda na kushuka, jasho na maumivu ya viungo, kiasi kwamba wengi hutibiwa malaria kwa muda mrefu pasipo kuwa na malaria. Mwanafunzi mwenye moyo wa kujituma ndiye aliye hatarini zaidi, maana ndiye atakayekimbilia kumsaidia ng'ombe anayezaa au kuvuta kondo la nyuma kwa mikono mitupu ili aonekane shujaa. Asifanye hivyo. Vyuo viwape glavu ndefu kabla hawajapanda basi, na sisi wenyeji tusimcheke anayezivaa. Wakiumwa homa, wamweleze daktari kwamba wanatoka kwenye banda la ng'ombe; neno hilo moja linaweza kumfanya daktari aagize kipimo ambacho asingekifikiria. Na maziwa yachemshwe, hata kama bibi wa nyumba hiyo amekunywa mabichi maisha yake yote na bado analima.

Kuhusu malazi nitasema machache. Mwanafunzi asitozwe fedha ili apokewe. Wala chuo kisidhani kwamba mfugaji mwenye ng'ombe watatu anaweza kumlisha mtu mzima miezi miwili bila kuguswa mfukoni; mchango mdogo wa unga na mafuta ya kula unatosha kuondoa manung'uniko yasiyosemwa, na tunajua wote kwamba manung'uniko yasiyosemwa hutoka kwa njia ya kumtuma mtu kazi zisizokwisha. Mabinti wapewe chumba chenye komeo la ndani, na wasitumwe peke yao kukata majani mbali giza likikaribia. Mkufunzi naye aje kukagua angalau mara moja wakati wa kukamua. Akija saa tano mchana atatukuta tumefagia, tumevaa nguo safi, na ataandika ripoti nzuri isiyomsaidia mtu.

Nimewahi kuulizwa kama si bora wanafunzi wote wapelekwe kwenye mashamba makubwa, na swali hilo si la kupuuza. Anayepelekwa Kitulo, kule nyanda za juu za Makete, ataona kundi kubwa la ng'ombe wa maziwa wakichungwa katika malisho ya baridi, na ataelewa mambo ya uzalishaji wa mitamba ambayo bandani kwangu hayapo. Anayesoma Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro ana shamba la Magadu karibu naye. Wapelekwe, na waone. Ila wengi wa hawa vijana, wakishaajiriwa au wakijiajiri, watakuwa maafisa ugani wa watu wenye ng'ombe wawili au watatu, wanaonunua mashudu kwa debe na kuuza maziwa kwa jirani. Mkulima wa namna hiyo ana swali moja la kumpima mtaalamu kijana anayefika kwake mara ya kwanza: humpa ndoo na kigoda, akamwangalia anavyokaa.

Jambo la mwisho ni ombi la siku moja tu. Mhimilishaji mzoefu huthibitisha mimba kwa kupapasa kwa mkono kuanzia mwezi wa pili au wa tatu, wakati ambapo mwanafunzi ameshaondoka na kurudi darasani. Chuo kimruhusu arudi siku hiyo, avae glavu, apapase ng'ombe wake mwenyewe akiwa na mtaalamu pembeni, ajue kama lile joto aliloliona alfajiri ya siku fulani lilikuwa joto kweli. Nauli ya kutoka chuoni Tengeru hadi kwangu haifiki bei ya lita mbili za maziwa. Walio mbali tuwapigie simu.

Wawili waliopangwa kwangu nimeshawaona wamekaa mstari wa nyuma. Mmoja atampokea ng'ombe aliyezaa wiki sita zilizopita ambaye hajaonekana kwenye joto, na nataka kujua ni yeye ambaye hajaja au ni sisi ambao hatujaona. Mwingine atampokea mtamba aliyebakiza kama wiki mbili kuzaa, kwa hiyo asipange safari yoyote mwisho wa mwezi. Njooni na gambuti, na daftari lenye jalada gumu, kwa kuwa laini huloana siku ya kwanza. Tunakamua saa kumi na moja alfajiri, na chai ni baada ya kukamua.